Damu Inayotolewa Bagamoyo Inaulizwa Nini? Maswali Kuhusu Seli za Kinga na Chanjo za Malaria

Maswali haya nimeyaokota Magomeni, Yombo, Kiwangwa na Fukayosi, kwenye mikutano ya vitongoji na kwenye benchi la kliniki, pale mama anaposubiri jina la mwanawe liitwe. Nimefanya kazi kwenye tafiti za chanjo ya malaria hapa Bagamoyo kwa miaka, kwanza nikitoa watu damu, baadaye nikahamia maabara. Nimeyaacha maswali kama yalivyoulizwa. Mengine majibu yake ni mafupi, mengine hayafupishiki.

Mimi siumwi. Damu yangu ya nini?

Hili ndilo swali la kwanza kila mahali, na ni la haki. Ukienda zahanati na homa unatobolewa kidole, tone moja linawekwa kwenye kipimo cha haraka, na kinachotafutwa ni mdudu wa malaria. Sisi hatumtafuti mdudu peke yake. Tunatafuta seli zako nyeupe zilizowahi kupambana naye na ambazo bado zinamkumbuka. Mtu aliyekulia Mlingotini au Kaole ameanza kuumwa na mbu angali anabebwa mgongoni, na mwili wake una kumbukumbu ambayo mtu aliyekulia pasipo na malaria hana. Hiyo kumbukumbu ndiyo tunayoihoji: kipande hiki cha mdudu unakijua? Na hiki je? Ukikiona tena utafanya nini?

Mnasema "kipande cha mdudu". Kipande gani?

Kimelea kinachotutesa zaidi huku ni Plasmodium falciparum. Kina jeni zipatazo 5,300. Kirusi cha surua kina jeni 6. Hapo peke yake utaelewa kwa nini chanjo ya surua ilipatikana zamani na ya malaria ikatutoa jasho.

Huwezi kuuonyesha mwili maelfu ya protini kwa sindano moja, kwa hiyo watafiti huchagua protini moja au mbili ambazo kimelea hakiwezi kuishi bila kuzitumia. Wanazitengeneza maabara, wanauonyesha mwili kabla mbu hajafika. Na kila protini ina zamu yake. Mbu anapouma huacha kwenye ngozi vimelea makumi, pengine mamia machache, vyembamba kama uzi, vinavyoitwa sporozoiti. Vimevaa protini iitwayo CSP mwili mzima, kama mtu aliyejifunga shuka. Muda si mrefu vinaingia ini, vinakaa humo karibu wiki moja bila wewe kuhisi chochote, na kila kimoja kilichofanikiwa kinazaa makumi ya maelfu. Hao watoto wake, merozoiti, ndio wanaomwagika kwenye damu na kuvamia chembe nyekundu. Kila baada ya saa 48 hivi chembe zinapasuka na wengine wanatoka, na hapo ndipo homa na kutetemeka vinaanza.

Ili aingie kwenye chembe nyekundu, merozoiti hutumia protini kadhaa. Mojawapo ni RH5, ambayo hushika kitu kwenye ngozi ya chembe kiitwacho basijini. Hili liligunduliwa mwaka 2011. Mlango huo kimelea hakina namna ya kuukwepa, ndiyo maana RH5 imekuwa ikisomwa kwa bidii, na sehemu ya kazi hiyo imefanyika hapahapa Bagamoyo na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford.

Kuna vipande vingine, kama Pfs230, ambavyo vipo kwenye vimelea vinavyorudi kwa mbu. Chanjo ya aina hiyo haikukingi wewe uliyechanjwa. Inamzuia mbu aliyekuuma asipeleke malaria kwa jirani. Mzee mmoja wa Yombo aliposikia hivyo alisema, "Hiyo ni sadaka." Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Seli za kinga ni zipi hasa? Tulifundishwa shuleni ni askari wa mwili.

Askari ni mfano mzuri, ila unatufanya tudhani ni jeshi la sare moja. Kuna kazi nyingi tofauti, na chanjo inaweza kuamsha kundi moja ikaliacha jingine limelala.

Seli B ndizo zinazotengeneza kingamwili, yaani protini ndogo zinazozunguka kwenye maji ya damu na kunasa kitu kimoja tu, kile kilichokusudiwa. Baadhi ya seli hizo hugeuka viwanda na kwenda kukaa ndani ya uboho wa mifupa, zikitoa kingamwili kwa miezi au miaka. Nyingine hubaki kama kumbukumbu, zimetulia, zikisubiri adui arudi.

Seli T zina matawi mawili makubwa. Zile za CD4 ni wasaidizi: seli B haiwezi kutengeneza kingamwili bora bila seli T msaidizi kuiambia endelea. Zile za CD8 ni wauaji. Zinapita kwenye seli za mwili moja baada ya nyingine zikikagua, na zikikuta seli ya ini iliyobeba kimelea zinaiua pamoja na mgeni wake.

Sasa hapa kuna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha ugumu wote. Seli ya mwili iliyovamiwa huonyesha nje vipande vya mvamizi, kama mtu anayening'iniza nguo ya mwizi mlangoni ili majirani waione. Chembe nyekundu ya damu haina uwezo huo. Haina kiini, na haina ile ndoano ya kutundikia. Kimelea kikishaingia humo, seli muuaji inapita kandokando yake bila kujua. Kwa hiyo kwenye ini tunaweza kutumia wauaji, lakini kwenye damu tunategemea zaidi kingamwili zimkamate merozoiti akiwa nje, na yeye hukaa nje kwa muda mfupi mno, pengine dakika moja au mbili. Ndiyo maana chanjo ya RH5 inahitaji kingamwili nyingi sana kwenye damu. Chache hazitamuwahi.

Kuna kundi la tatu, seli T za gama-delta. Hizi haziangalii vipande vya protini kama wenzake. Zinanusa kemikali fulani ambazo kimelea hutoa kinapoishi, na zinaamka haraka. Kwenye tafiti za chanjo ya kimelea kizima zimeonekana kwa wingi zaidi kwa watu waliokingika. Na watoto waliougua malaria mara kwa mara wamekutwa wanazo chache, au zimechoka. Mwili hapo kama unasema: kelele hizi nimezizoea.

Mtajuaje kwamba seli "imekumbuka"? Seli haisemi.

Inasema, ukiijulia namna ya kuiuliza.

Damu inatoka mkononi inaingia kwenye chupa ndogo yenye dawa ya kuizuia isigande. Maabara tunaimimina taratibu, kwa kuteremsha kwenye ukuta wa chupa, juu ya kimiminika kizito. Tunaiweka kwenye mashine inayozungusha kwa kasi karibu nusu saa. Ukiitoa, chupa imejipanga yenyewe: chini kabisa chembe nyekundu, juu maji ya manjano kama ya alizeti, na katikati kuna utepe mwembamba mweupe, ukungu tu. Utepe huo ndio seli tunazotafuta. Unaunyonya kwa mrija ukiwa umeshika pumzi, maana mkono ukitikisika unachanganya kila kitu. Kila mililita moja ya damu hutupa seli kama milioni moja.

Kisha tunachukua sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Chini ya kila kishimo pamepakwa kitu kinachonasa gama-interferoni, ambayo ni ujumbe seli T inautoa inapomtambua adui. Tunaweka seli laki mbili kwenye kila kishimo. Kwenye kimoja hatuongezi kitu, kwenye kingine tunaweka vipande vya CSP, kingine RH5, kingine kichocheo kikali ambacho kila seli hai lazima ikiitikie. Sahani inalala kwenye joto la mwili usiku kucha. Kesho yake tunaosha, tunaweka rangi. Mahali palipokuwa na seli iliyopiga kelele panabaki doa la bluu. Ukihesabu madoa 30, basi seli 30 kati ya laki mbili zilikijua kipande hicho.

Kile kishimo kisicho na kitu ndicho ninachokitazama kwanza. Kikiwa na madoa mengi, kazi yote ya siku mbili haina maana, kwa sababu seli zilikuwa zinapiga kelele zenyewe. Na kile cha kichocheo kikali kikiwa kitupu, seli zilikufa njiani.

Zipo njia nyingine. Mashine ya miale ya leza inapitisha seli moja moja na kutuambia ni ya kundi gani na imebeba silaha gani. Kingamwili tunapima kwa sahani nyingine inayobadilika rangi. Na kipo kipimo ninachokipenda kuliko vyote: tunafuga vimelea kwenye chembe nyekundu ndani ya chupa, tunaongeza kingamwili za mshiriki, tunaangalia kama vimelea vinaongezeka au vinadumaa. Kingamwili kuwepo ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine.

Nimeugua malaria zaidi ya mara kumi. Mbona kinga haijakamilika? Surua niliugua mara moja tu.

Umekingika, ila si kwa namna uliyotegemea. Mtoto wa miaka miwili akiingiwa na vimelea anaweza kupoteza fahamu. Wewe mtu mzima wa Bagamoyo unaweza kuwa navyo sasa hivi ukaendelea kuvuta nyavu zako. Kinga dhidi ya malaria kali huja mapema, dhidi ya homa huja polepole, na dhidi ya kuingiwa kabisa huenda isikamilike maisha yote.

Sababu moja ni ujanja wa kimelea. Kinapokuwa ndani ya chembe nyekundu hutuma nje protini inayoishikiza chembe kwenye kuta za mishipa ili isipelekwe kwenye wengu ikasagwe. Jeni za protini hiyo zipo kama 60, na kimelea huvaa moja kwa wakati. Mwili ukishaijua, kinabadili. Kwa miaka mwili unajifunza moja moja. Sababu nyingine ni kwamba kumbukumbu yenyewe huchakaa. Kijana wetu akienda kusoma nchi isiyo na malaria miaka kadhaa, akirudi na kulala bila chandarua, anaweza kuugua vibaya, na nyumbani wakasema ni homa ya kutupiwa kwa uchawi. Ni seli zake zimesahau.

Kwamba kinga hiyo iko kwenye damu tunajua tangu mwaka 1961. Watafiti nchini Gambia walichuja kingamwili kutoka kwa watu wazima, wakawapa watoto waliokuwa wagonjwa wa malaria, na vimelea vikapungua. Tangu hapo swali halikuwa tena kama kinga ipo. Lilikuwa: inashika kipande kipi?

Tumesikia kuna watu waliambukizwa malaria makusudi hapa. Ni kweli?

Ni kweli, na halikufichwa. Mwaka 2012 timu ya Ifakara ya Bagamoyo ilifanya utafiti ambapo vijana wa kiume wenye afya, waliokubali wenyewe baada ya maelezo na maswali, walidungwa sporozoiti safi zilizokuwa zimegandishwa kwenye naitrojeni ya maji. Walifuatiliwa kwa karibu, na vimelea vilipoonekana wakatibiwa mara moja. Faida yake ni kwamba unajua saa na siku kimelea kilipoingia, kwa hiyo unaweza kuchukua damu kabla na baada na kuona seli gani iliamka kwanza. Kwa malaria ya kitandani nyumbani hilo haliwezekani, maana hakuna anayejua mbu gani alimuuma usiku gani.

Chanjo ikifaulu Marekani kwa nini ijaribiwe tena kwetu? Mwili si mwili tu?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo sababu naamini kazi hii lazima ifanyike pwani hii na siyo pengine.

Ipo chanjo iitwayo PfSPZ, ya kampuni ya Sanaria. Si kipande. Ni sporozoiti nzima, iliyodhoofishwa kwa mionzi ili ifike ini lakini isizae. Kwa wajitolea wa Marekani wasiowahi kuugua malaria iliamsha kinga nzuri. Ilipoletwa Bagamoyo, kwa vijana wazima wenye afya, kwa dozi zilezile, kingamwili zao dhidi ya CSP zilipanda kwa kiwango cha chini zaidi, na waliokingika walikuwa wachache. Chupa moja, dozi moja, mikono tofauti.

Kwa nini? Mwili uliozoea malaria una breki. Baadhi ya seli T kazi yake ni kutuliza, ili kila homa isigeuke vita vya kuua mwenye mwili. Seli B za kumbukumbu kwa watu wa maeneo yenye malaria nyingi zimekutwa katika hali isiyo ya kawaida, zipo lakini haziitikii haraka. Na kingamwili za zamani zinaweza kuikamata chanjo yenyewe kabla haijafika inakotakiwa. Mwenyeji hashituki mgeni akibisha hodi. Mtu wa mjini aliyejifungia huruka.

Halafu wakaja watoto. Timu ileile ilishuka umri, kutoka watu wazima hadi wachanga. Watoto wadogo walitengeneza kingamwili nyingi kuliko wakubwa. Lakini wachanga, seli zao T hazikuonyesha mwitikio wowote uliopimika. Yaani tawi moja la kinga liliamka, jingine likalala. Baadaye huko Siaya, Kenya, chanjo hiyohiyo haikuwakinga wachanga kama ilivyotarajiwa kwenye kipimo kikuu cha miezi sita. Usingepima seli, ukapima kingamwili peke yake, ungedhani mambo ni mazuri.

Na kwa RH5 mambo yakageuka tena. Kwenye majaribio ya Bagamoyo, waliotoa kingamwili nyingi na zenye nguvu zaidi ya kuwazuia vimelea chupani walikuwa wachanga wa miezi 6 hadi 11, wakiwapita watu wazima. Mwaka 2024 ikatoka habari ya Burkina Faso: chanjo ya RH5.1 na kiamsha kinga cha Matrix-M, yaani kitu kinachoongezwa ili mwili uitikie kipande, ilipunguza malaria ya homa kwa asilimia 55 kwa miezi sita kwa watoto waliopata dozi zilizoachanishwa zaidi. Ilikuwa mara ya kwanza chanjo inayolenga vimelea vya kwenye damu kufikia hapo. Niliposoma nilifikiria mabenchi ya kliniki yetu, na akina mama waliokuja alfajiri na watoto wao waliofungwa khanga.

Hizo chanjo za malaria za RTS,S na R21 zinazotajwa redioni nazo zina vipande gani?

Zote mbili zinatumia CSP, lile shuka la sporozoiti, lililounganishwa na protini ya homa ya ini aina B. R21 ina CSP iliyosongamana zaidi. Kila moja ina kiamsha kinga chake, na ndani ya vyote viwili kuna dawa inayotokana na gome la mti mmoja wa Chile, Quillaja saponaria. Bila kiamsha kinga, kipande peke yake mwili huweza kukipuuza.

Jaribio kubwa la RTS,S lilihusu watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika kati ya 2009 na 2014. Bagamoyo na Korogwe zilikuwemo. Watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne walipungukiwa malaria kwa asilimia 36 kwa takriban miaka minne. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021. R21 ilifuata Oktoba 2023, baada ya jaribio la watoto wapatao 4,800 wa Burkina Faso, Kenya, Mali na Bagamoyo yetu. Katika mwaka wa kwanza, kwenye maeneo kama letu ambako malaria ipo mwaka mzima, ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 68.

Sitawaficha udhaifu. Kinga hupungua. Dkt. Ally Olotu, mtafiti wa malaria, na wenzake waliwafuatilia watoto wa Kilifi, Kenya, waliopata dozi tatu za RTS,S: mwaka wa kwanza kinga ilikuwa karibu asilimia 36, na ukijumlisha miaka saba yote inabaki asilimia 4.4. Kingamwili hushuka, na kama seli za kumbukumbu hazijajengeka vya kutosha hakuna wa kuzijaza tena. Ndiyo maana kuna dozi ya nyongeza, ndiyo maana chandarua hakiondoki kitandani, na ndiyo maana tunaendelea kuomba damu.

Chanjo hizo zinaweza kuniletea malaria?

RTS,S na R21, hapana. Hazina mdudu, mzima wala mfu. Homa ya siku moja au mbili baada ya sindano ni seli zinavyoamka.

Watu wanasema nyie ni mumiani.

Nimeambiwa usoni, na sikukasirika. Bibi yangu mwenyewe alitufungia ndani jioni kwa ajili ya mumiani. Hofu hiyo ina umri mrefu pwani hii. Inatoka enzi ambazo wageni walikuja, wakachukua, wakaondoka, bila kueleza kitu. Mtu anayeulizia damu yake inakwenda wapi anauliza swali la akili.

Jibu langu ni kumkaribisha. Njoo uione chupa, uone jina lako halimo bali namba, uone mashine, uone utepe mweupe. Mjumbe mmoja wa kitongoji alikuja, akauangalia ule utepe muda mrefu, akauliza, "Hizi ndizo zilizomshinda mdudu?" Nikamwambia ndizo, baadhi yake. Akaomba apigwe picha nayo ile chupa.

Kwa mtoto mnachukua damu kiasi gani?

Mtoto wa kilo 8 ana damu kama mililita 640. Miongozo inayofuatwa huweka kikomo kwa mara moja karibu asilimia moja, yaani mililita 6 hivi, kijiko kimoja cha chai na kidogo. Mtu anayechangia damu hospitali hutoa 450. Kama mtoto ana upungufu wa damu hatumtoi, anapelekwa kutibiwa kwanza.

Sampuli zinakwenda nje ya nchi?

Nyingine, ndiyo, kwa vipimo ambavyo mashine zake hazipo. Zinakwenda kwa mkataba, kwa kibali, na kwa ridhaa uliyoisaini wewe. Kwenye fomu kuna sehemu yake peke yake; unaweza kukubali utafiti ukakataa sampuli kutunzwa au kusafiri. Soma hapo, au umwambie mwanao akusomee mara mbili. Utafiti wenyewe hauanzi mpaka upite kamati za maadili, ikiwemo ya taifa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na majaribio ya chanjo lazima yakubaliwe na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Mimi nataka nyingi zibaki hapa. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo umeme ulikatika usiku, jenereta halikuwaka, na asubuhi sahani nne zilikuwa zimepoa. Seli za watoto kumi na wawili. Sikuweza kuwatazama mama zao wiki ile. Maabara imara ni heshima kwa aliyetoa damu.

Kuna faida gani iliyowahi kutoka kwenye damu ya Watanzania wa kawaida?

Nendeni Muheza, mkoa wa Tanga. Kuanzia 2002 akina mama waliojifungua pale walikubali watoto wao wafuatiliwe kwa miaka, damu ikitolewa, malaria ikiandikwa. Wapo watoto waliougua sana, wapo waliopata vimelea wasiugue. Baadaye watafiti wakalinganisha maji ya damu ya makundi hayo mawili: hawa waliopona wana kingamwili gani ambayo wale hawana? Mwaka 2014 ikatangazwa protini iitwayo PfSEA-1, ambayo kingamwili zake huwafungia vimelea ndani ya chembe visitoke. Mwaka 2020 ikafuata PfGARP, ambayo ikishikwa na kingamwili kimelea hujiua chenyewe. Chanjo kutokana na vipande hivyo bado ni safari, lakini vilionyeshwa na damu ya watoto wa miaka miwili hivi wa Muheza ambao mama zao walikubali.

Mwenye selimundu naye ana kinga?

Aliyerithi jeni moja tu amekingika vizuri dhidi ya malaria kali. Aliyerithi mbili ni mgonjwa wa selimundu, na malaria kwake ni hatari kubwa. Msichanganye.

Mtoto akipata degedege tumpeleke kwa fundi (mganga) kwanza au hospitali?

Hospitali, saa hiyohiyo. Huku inaweza kuwa malaria imepanda kichwani. Ya wazee yatazungumzwa mtoto akishafungua macho.

Nikisaini halafu nikabadili mawazo?

Unatoka. Huulizwi sababu, na huduma yako kliniki haipungui.

Majibu ya damu yangu nitayapata?

Ya afya yako, kama wingi wa damu na vimelea vya malaria, unapewa siku hiyo au karibu yake, na ukikutwa na tatizo unatibiwa. Ya seli huchukua muda, kwa sababu hazipimwi peke yake. Zinasubiri kwenye naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, mpaka za washiriki wote zitimie, ili zako za siku ya kwanza na za mwezi wa sita zikae kwenye sahani moja, mchana mmoja, chini ya mkono mmoja. Zikishahesabiwa tunarudi kijijini na kuitisha mkutano. Mwaka jana swali la kwanza kwenye mkutano huo liliulizwa na mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa, mtoto wake sasa anasoma darasa la pili: "Madoa ya mwanangu yalikuwa mangapi?" Kwa jina siwezi kumjibu, kwa kuwa sahani zinajua namba tu. Nilimchorea sahani kwenye mchanga kwa kijiti, vishimo na madoa yake, nikamwonyesha jinsi vya watoto wa umri ule vilivyoonekana kabla ya sindano, na vilivyoonekana baadaye.